Mwenye Nini, Ssebo?

Mpiga picha alisema, "Mwenyaako, ssebo," nami nikasubiri amalizie.

Kwetu Tanga neno "mwenye" haliachwi kuning'inia hivyo. Mtu huwa mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye deni. Mwenye nguvu mpishe. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha plastiki, nyuma yangu shuka jeupe limepigwa misumari ukutani, jasho linanitambaa hadi kwenye kola, na mbele yangu kijana kainamia kamera, ananibembeleza kama mtoto anayekataa uji: "Mwenyaako, ssebo. Mwenyaako."

Mwenye nini, bwana?

Nikakitazama kigoda. Nikadhani kina mwenyewe. Nikainuka, nikakipangusa kwa kiganja, nikamwuliza kwa adabu zangu zote: "Samahani, mwenye kiti yuko wapi?"

Hapo naye akaduwaa. Mtaani kwetu Namuwongo, hapa Kampala, mwenyekiti ni mmoja tu, wa LC, baraza la mtaa, yule anayegonga muhuri kwenye barua ya ukaazi, na kijana alikuwa na Kiswahili cha kutosha kulijua neno hilo. Akanyoosha kidole dirishani, ng'ambo ya mtaro, kunionyesha ofisi yake. Tukabaki tunatazamana, mimi nimesimama, yeye kidole kiko hewani, na wateja wawili mlangoni wanasogea karibu wasije wakapitwa.

Mwishowe aliona lugha hazitusaidii kitu. Akashusha kamera, akafungua mdomo, akanionyesha meno yote aliyojaliwa. Thelathini na mawili. Nilipata muda wa kuyahesabu. Ahaa, nikasema moyoni, kumbe ni meno anayotaka. Nikakaa, nikamtolea yangu.

"Eeeh!" akasema, flashi ikawaka.

Ndivyo nilivyopata picha nane za paspoti saizi ambazo ndani yake nimekenua kama mtu aliyekanyaga msumari mbele ya wakwe.

Nilizihitaji kwa ajili ya kibali cha kuishi. Karani aliyezipokea aliitazama ya kwanza, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Mzee, hapa unalia au unacheka?"

"Natabasamu."

"Na hili?" Akaweka ncha ya kalamu juu ya pengo langu.

Pengo hilo nililipata nikiwa na miaka kumi na mmoja, juu ya mwembe wa jirani, siku ambayo jirani aliwahi kurudi kutoka msikitini. Tangu hapo nimeishi nikilifunika kwa mdomo wa juu, nikapiga picha za shule, za kazi, hata za harusi bila kulitoa hadharani, na sasa kijana wa kamera alikuwa amelitoa mara nane kwa mpigo. Karani akanirudishia bahasha. Hakuwa na kosa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo kanuni zake za paspoti hufuatwa na nchi karibu zote, linataka uso uliotulia na kinywa kilichofungwa. Usicheke, usinune, kaa kama unasubiri matokeo ya mtihani wa mtu mwingine.

Nilitaka kumweleza kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwamba kilichomo kwenye picha hizo hakiitwi kucheka wala kutabasamu, kina jina lake. Nikanyamaza. Kwa habari ya jina hilo sikuwa na uso wa kumfundisha mtu, maana siku chache kabla nilikuwa nimeliharibu kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mashahidi wanne.

Namuwongo imebanwa kati ya kilima cha Muyenga na reli. Huko juu kuna nyumba za vigae na mbwa wa kulipiwa mshahara. Huku chini kuna sisi, halafu reli, halafu mfereji wa Nakivubo unaobeba maji machafu ya mji mzima kuelekea ziwani, halafu Bugolobi, ambako watu huanza tena kuwa na vigae. Mvua ikinyesha mfereji husahau mipaka yake. Katika vichochoro vyetu, ukitembea kutoka kwangu hadi kwa muuza mkaa utasikia Kiganda, Kiacholi, Kinyankole, Kijaluo, Kifumbira, Kiswahili cha Bukavu na Kiswahili changu, ambacho ndicho kinachowachekesha watu kuliko vyote. "Anaongea kama redio," alisema mtoto mmoja, na hakuwa ananisifu.

Kiswahili kilikuja kuwa riziki yangu baada ya Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Katiba ilikuwa imekifanya lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, lakini katiba haiwatii watu wasiwasi kama mitihani. Ghafla wazazi wakaanza kunisalimu. Nikafungua darasa la Jumanne jioni katika saluni ya kinyozi mmoja, baada ya kufunga kazi. Wanafunzi wanne: kinyozi mwenyewe (Mjaluo wa Kisumu, aliyekuja kwa sababu ni kwake), mwendesha boda wa steji ya jirani, mchora mabango, na mama wa rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, Mfumbira wa Kisoro, ambaye hukaa mlangoni, sikio moja kwangu na jicho moja kwenye sigiri yake, kwa hiyo somo zima hunukia mayai na vitunguu.

Jumanne hiyo nilikuwa sijala. Naomba hilo liandikwe kwenye kumbukumbu. Mwendesha boda akainua mkono: "Mwalimu, kutabasamu na kukenua, tofauti yake nini?"

Lilikuwa swali la saa mbili kasoro dakika tano usiku. Chapati ilikuwa inageuzwa mlangoni. Nikasema, "Kukenua ni kutabasamu sana," nikafuta ubao.

Mwendesha boda alikuwa na sababu ya kuuliza. Kule Kabalagala kuna dada mmoja wa Mombasa anayesuka nywele, na kwa miezi miwili kijana wangu alikuwa amempeleka kila mahali kwa nauli ya nusu bila kupata neno la kuanzia. Sasa alikuwa nalo. Usiku huohuo akamtumia meseji, ambayo baadaye alinionyesha kwa mkono unaotetemeka: "Dada, kila ukikenua moyo wangu unasimama."

Jibu lilikuja baada ya dakika moja. "Wanionaje? Mimi punda?"

Yeye akadhani ni utani wa pwani, maana amesikia kwamba watu wa pwani wana utani. Akamjibu kwamba punda hawezi kukenua vizuri kama yeye. Na ili asieleweke vibaya akaongeza kile kikatuni cha simu chenye uso wa njano na meno yaliyobanwa, vitatu kwa mstari.

Alinijia asubuhi, helmeti mkononi. Nilisoma mazungumzo yote nikiwa nimesimama, kisha ikanibidi nikae. Nikamwandikia maneno ya kuomba radhi kwa niaba yake, nikaeleza kwamba kijana alikusudia tabasamu, kwamba kosa ni la mwalimu, kwamba tabasamu lake dada ni kama mwezi wa tarehe kumi na nne. Nilimwaga pwani yote niliyonayo. Dada akajibu: "Mwambie huyo mwalimu wako aje akenue yeye nimwone."

Basi Jumanne iliyofuata nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, nikalifungua neno.

Nikawaambia: mkilitazama katika kamusi mtaona maelezo yake yanaanzia kwenye midomo na meno. Furaha haijaalikwa. Kukenua ni kuvuta midomo meno yakaonekana, basi. Mbwa anayetaka kukuuma amekenua. Kichwa cha mbuzi juu ya meza ya muuza nyama kimekenua, na yule hana jambo lolote la kufurahia. Aliyekanyaga kaa la moto hukenua, anayebeba gunia la saruji hukenua, na maiti isiyofungwa taya mapema hukenua pia, Mungu atunusuru. Ndiyo maana mara nyingi neno hili huandamana na "meno": amekenua meno, ananikenulia meno. Ni kazi ya meno. Ukimwambia mtu anakenua, umesema umeona meno, na kwamba ungependa ayarudishe ndani.

"Na tabasamu?" akauliza kinyozi.

Tabasamu halina habari na meno. Limetoka Kiarabuni, katika ukoo uleule walikotoka kina Basim na kina Basma tunaowaita majina hayo pwani nzima, na limeingia kwetu likiwa na viatu miguuni. Unaweza kutabasamu kinywa kimefungwa. Unaweza kutabasamu gizani, na aliye upande wa pili wa simu akajua. Mtu huweza kuficha tabasamu, lakini hujasikia mtu ameficha mkenuo. (Kama kawaida yetu, neno la Kiarabu limepewa sebule na la Kibantu limepelekwa jikoni. Nina manung'uniko juu ya jambo hilo, ila si ya leo.)

Mama wa rolex, ambaye husema mara moja kwa mwezi, akageuka kutoka kwenye sigiri. "Sisi tunasema kumwenyura," akasema. "Hiyo ya mdomo umefungwa. Na Waganda wanasema okumwenya. Kucheka ni kingine, guseka." Kinyozi akadakia kwamba kwao kucheka ni nyiero na kutabasamu ni bwonjo, na kwamba anayechanganya hayo mawili kwao haposwi.

Okumwenya! Nikabaki na chaki mkononi. Miaka mitatu nimeishi katika mji huu, nanunua ndizi, nagombana na makondakta, na sikuwahi kuliuliza neno hilo. Sauti ya kijana wa kamera ikanirudia, "Mwenyaako, ssebo," na mimi nimesimama nakipangusa kigoda. Masikini, alikuwa ananiomba tabasamu dogo tu. Ile "ko" ya mwisho ndiyo "kidogo" yake. Kilichoniponza ni yeye kukata tamaa na kuhamia kwenye maonyesho, maana mtu akikuonyesha tabasamu kwa makusudi, kwa kulivuta ili ulione, tayari ni mkenuo.

Jambo hilo lilimtesa mtu mwingine kabla yangu. Mwaka 1862 daktari mmoja wa Ufaransa, Duchenne, alichapisha kitabu kuhusu misuli ya uso. Alimchukua mzee mmoja kibogoyo, akawa anamgusisha nyaya za umeme mashavuni huku akimpiga picha. Shavu lilipopata umeme midomo ilivutika vizuri, lakini macho yalibaki yanatazama kama ya mtu anayeona mkojo wa paka kwenye mkeka wake. Duchenne akaeleza kwamba msuli wa shavu unatii amri, ila ule unaozunguka jicho hautii mpaka furaha iwe ya kweli. Miaka kumi baadaye Darwin akazitumia picha hizo katika kitabu chake kuhusu hisia za binadamu na wanyama. Niliwasimulia wanafunzi wangu, na mwendesha boda akasema hapa kwetu jaribio hilo lisingemalizika, umeme ungekatika kabla mzee hajafika katikati ya kicheko. Kinyozi akazua hoja ya kisheria: je, kibogoyo anaweza kukenua? Kama kukenua ni kuonyesha meno, na meno hana? Tulibishana hadi rolex zikapoa. Nilishika upande wa kwamba anaweza, kwa ufizi. Bado nadhani nina haki.

Bibi yangu hakumsoma Duchenne lakini alikuwa na mawazo yaleyale. Alikuwa na kanga moja ya kisutu iliyochujuka, na akifurahishwa na jambo alikuwa akivuta pindo lake, anaziba mdomo, yanabaki macho. Yakifinyika tulijua tumepona. Lakini sisi watoto tukitoa meno mbele ya wageni alitukata jicho: "Funga huo mdomo, nzi wataingia." Baada ya mimi kuanguka kwenye mwembe akaongeza, "Na sasa wana mlango." Kwake tabasamu lilikuwa kitu ambacho anayekupenda atakitafuta mwenyewe, hakuna haja ya kumwekea mezani.

Wakati nafungua neno hilo kwa ustadi huo, sikujua kwamba nimechelewa. Mchora mabango hakuwa amekuja Jumanne hiyo. Alikuwa kazini.

Kuna kliniki ya meno ilikuwa imemwagiza bango, na kwa kuwa wagonjwa wake wengi ni Wakongomani na Wakenya, ikataka mstari mmoja wa Kiswahili chini ya ule wa Kiingereza. Maana iliyotakiwa ilikuwa kwamba tunakurudishia tabasamu lako. Mchora mabango ana maadili ya kazi. Aliona "tabasamu" ni dogo kwa bango la mita tatu, akakumbuka kwamba mwalimu alitaja lililo kubwa zaidi, akaligeuza kuwa nomino mwenyewe, bila msaada. Niliona matokeo nikiwa juu ya boda, nikamwambia kijana asimame.

TUNAREJESHA MKENUO WAKO.

Herufi nyekundu, kivuli cheusi. Juu yake mdomo ulio wazi, mkubwa kama beseni, wenye meno ambayo kwa upande wa juu peke yake nilihesabu ishirini. Mbele yake walikuwa wamesimama vijana watano wanaosema Kiswahili cha Goma, wanashikana mabega wasianguke. Mmoja alikuwa anajipiga picha chini ya bango, amekenua kama inavyotakiwa.

Nikaingia ndani, nikamwomba mwenye kliniki dakika mbili. Ni mtu mpole, na Kiswahili chake kinaishia kwenye "jambo" na "pole pole". Nilipoanza kumweleza akanishika mkono akanipeleka dirishani. "Tazama," akasema. "Tangu juzi wanasimama hivyo. Wote wanacheka. Bango linasema tunarudisha tabasamu, nao wanatabasamu. Wewe ndiye mwalimu wake? Hongera sana!" Alikuwa amekwisha agiza la pili la ukuta wa nyuma.

Nilirudi nyumbani na hongera yangu. Kinyozi alipopata habari akanitupia methali tuliyosoma mwezi uliopita, jino la pembe si dawa ya pengo, na nilishindwa kujua kama anasema kuhusu kliniki, kuhusu fasiri, au kuhusu mimi. Kwa mara ya kwanza alikuwa ametumia methali barabara kabisa, na sikuweza kumpongeza.

Sasa nimseme muuza mkaa, maana yeye ndiye aliyenifundisha sehemu ya neno hili ambayo kamusi haina.

Ni mama mtu mzima, mwenyeji wa hapa, anauza mkaa wake kwa makopo karibu na reli. Anaihesabu miaka kwa kuanzia Julai 2014, mabanda ya kando ya reli yalipobomolewa. Kila jambo kwake ni kabla au baada ya hapo. Nilipohamia nilikwenda kwake na bashasha zote za mgeni. Nikamwamkia, "Shikamoo mama, habari za hapa?" na kwa kuwa nilitaka anipende nikasahau pengo, nikasahau na Bibi, nikatoa meno. Yule mama akasimama wima. Akanipimia kopo langu haraka haraka, akaongeza vipande vitatu bila kuombwa, na kila nilichosema akaitikia, "Ndiyo, afande."

Afande! Mimi ambaye sijawahi kushika hata manati. Nilicheka njia nzima. Lakini ikawa hivyo wiki baada ya wiki: vipande vya ziada, "ndiyo afande", na macho ambayo hayakuhusika. Siku nilipomwomba mkaa kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi alitikisa kichwa kwa woga, lakini alitikisa. Hakunipa.

Tulipozoeana kidogo alinieleza, nusu Kiganda nusu Kiswahili cha sokoni. Kiswahili, kwa umri wake, kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani. Idi Amin ndiye aliyetoa amri ya kukifanya lugha ya taifa mwaka 1973, na picha zake nyingi mnazijua, mdomo wazi, mashavu yamejaa. Askari wake walikisema, na baadaye, Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, waliomng'oa nao walikuja wakikisema. "Bakombozi," akawaita, kama walivyoitwa na wengi hapa, akanitazama vizuri. "Wewe Mtanzania? Basi wewe mkombozi." Na akasema hivi, akiwa anafunga mdomo wa gunia kwa sindano ndefu, bila kunitazama tena: "Aliyekuja akiongea Kiswahili amenuna, tulingoja atake nini. Aliyekuja akiongea Kiswahili na meno nje, huyo hatukungoja. Tulikimbia."

Nilikaa kimya na kopo langu. Nilikuwa nimempelekea hayo yote mawili kila Jumamosi asubuhi, kwa moyo safi.

Tangu siku hiyo nikajaribu kumtolea tabasamu la Bibi, la macho. Sina kanga. Nilifunga mdomo, nikafinya macho, nikainamisha kichwa kidogo. Aliniuliza kama vumbi la mkaa limeniingia.

Kumbe bado nilikuwa sina picha za kibali. Nilirudi kwa kijana wa kamera mara ya pili nikiwa nimeshajua Kiganda changu. Aliposema "mwenya" nikamwambia, "Hapana, ssebo, leo sitaki kumwenya," nikakaza uso kama kanuni zinavyotaka. Nilikaza mno. Karani alizitazama hizo nane kwa muda mrefu kuliko za kwanza, kisha akaniuliza kwa upole kama nina kesi mahali popote.

Mara ya tatu nilimkuta kijana amebadilika. Hadithi ilikuwa imemfikia kutoka kwa mama wa rolex, pamoja na bango, pamoja na punda. Alinikalisha kwenye kigoda kilekile, akalinyoosha shuka, akainamia kamera, na kwa Kiswahili alichokuwa amekiandaa, bila shaka kwa kulipia, akasema: "Mwalimu. Usitabasamu. Usikenue. Kaa kama mwenye kiti."

Sikuweza. Kilianza tumboni, nikakibana, kikapita. Nilicheka hadi kigoda kikalalamika, macho yakafumba, machozi yakatoka, pengo likaonekana hadi ukutani kwake, na huyo mshenzi akabonyeza.

Tulipotulia alinipiga nyingine nane za kibali, nazo zikakubaliwa. Humo nafanana na mtu yeyote. Lakini ile ya kucheka aliikuza bila kuniuliza, akaitundika mlangoni kwake katikati ya maharusi na watoto wa ubatizo, kuvutia wateja. Mchora mabango aliiona akataka kuiandikia neno chini yake, akaja kuniuliza liwe lipi kati ya yale mawili. Nilimwambia asubiri Jumanne.

Jumamosi muuza mkaa alikuwa anapita hapo na gunia kichwani. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa kijana, nikamwamkia. Hakuniitikia. Alisimama mbele ya picha, akashusha gunia, akaitazama kwa makini, meno, pengo, macho yaliyofumba, akatikisa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza nikaona pembe za macho yake zikikunjika. Kisha akanigeukia.

"Huyu," akasema, akigonga kioo cha fremu kwa ukucha mweusi wa mkaa, "huyu namuuzia kwa mkopo. Wewe leta pesa."